Ifueni Kwanza

Miswada mingi iliyoletwa kwa toleo hili la polima zinazopitisha umeme imeanza kwa kutamba na namba ileile: siemens elfu kadhaa kwa sentimita. Namba hiyo imenichosha. PEDOT:PSS ikitiwa asidi ya salfuriki iliyokolea huvuka 4,000, na tunalijua hilo tangu 2014. Shaba inakaribia 600,000.

Mwenye haja ya waya tu atabaki na shaba. Polima tunazitaka kwa kuwa hukunjika pamoja na ngozi, na kwa kuwa PEDOT:PSS hupitisha ayoni na elektroni kwa pamoja. Basi zipimwe huko zinakokwenda kuishi: kwapani, kifuani, kwenye beseni la kufulia.

Huko ndiko mambo yanakoharibika. PSS, inayoiwezesha PEDOT kutawanyika majini ikapakwa kama wino, hunywa unyevu. Utando huvimba na chembe za PEDOT huachana. Polianilini ina balaa kubwa zaidi. Hupitisha umeme ikiwa na asidi, ilhali sabuni nyingi za kufulia ni besi. Sabuni huinyang'anya protoni, kijani hugeuka buluu, na umeme hukatika. Kitambaa chenyewe kinakiri kwa rangi, lakini bado naletewa miswada inayokiita "vazi" kabla hakijaguswa na maji.

Kwa hiyo, kuanzia toleo lijalo, mswada wenye neno "vazi" kwenye kichwa chake utaje ukinzani kabla na baada ya kufuliwa, sabuni gani, joto gani, mara ngapi. Na baada ya kulowekwa kwenye jasho bandia. Kundi la Zhenan Bao wa Stanford lilionyesha mwaka 2017 kwamba PEDOT:PSS yenye viongezo vya ayoni hupitisha umeme vizuri hata ikivutwa hadi urefu maradufu. Kazi safi. Wengi walioiiga huvuta mara moja, wakapiga picha.

Makala ya transista ya kielektrokemia inayopima laktati imefanyiwa majaribio kwenye jasho la kweli, ndiyo maana imetangulia. Ya polipiroli kwenye pamba inasomeka vizuri. Ya historia itawafaa wapenzi wa poliasetilini, iliyochangia Nobel ya mwaka 2000 kisha ikashindwa na hewa ya kawaida.

Mhakiki mmoja amelalamika kwamba kufua ni kazi ya wahandisi wa nguo. Protoni inayoikimbia polianilini ndani ya povu ni kemia tupu. Akiniandikia tena, aambatanishe kipande kilichofuliwa.