DAWA IPIMWE, ISISIFIWE TU

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii hunijia kila siku ya soko nisikiapo wauzaji wa mafuta ya kuotesha nywele wakipaza sauti. Kila mmoja ana shahidi wake: "Huyu alikuwa na vipara, sasa mtazameni!" Jamani wasomaji, ushahidi wa mtu mmoja si kipimo cha dawa.

Tuchukue ugonjwa wa alopesia areata. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na viini vya maradhi, huyageukia mashina ya nywele na kuyashambulia. Nywele hunyonyoka, vikabaki viraka laini vya mviringo. Si choa, hauambukizi, wala si uchawi. Lakini shina halifi, na mara nyingi nywele za viraka vidogo huota tena zenyewe. Hapo ndipo hila ilipo! Nywele zimejirudia, sifa na pesa anapokea muuzaji.

Sasa tazameni watafiti walivyoijaribu dawa ya kumeza iitwayo ritlesitinibu. Walichukua watu 718 katika nchi 18, wenye umri kuanzia miaka 12, waliopoteza angalau nusu ya nywele za kichwa. Wengine walipewa dawa, wengine vidonge bandia visivyo na dawa ndani, na mgonjwa hakujua anameza kipi. Baada ya majuma 24, kati ya kila watu 100 waliomeza miligramu 50 kwa siku, kama 23 walikuwa na nywele kwenye asilimia 80 ya kichwa au zaidi. Waliomeza vidonge bandia? Kama 2 tu. Tofauti hiyo ndiyo nguvu ya dawa. Marekani iliiruhusu mwaka 2023.

Mtauliza, "Na wale 77 je?" Naam, watafiti hawakuwaficha. Walieleza pia kwamba dawa hii hupunguza nguvu za askari wa mwili, ndiposa mgonjwa hupimwa kifua kikuu kabla ya kuianza. Ni muuza mafuta gani amewahi kututajia wale ambao mafuta yake hayakuwafaa?

Rafiki yangu mmoja ana viraka hivyo. Tumemtania, nauli yake ya matatu imeishia kwenye chupa za mafuta, na sasa anakuja shule kwa miguu.

Shime wenzangu! Tuache kumcheka. Na kabla ya kutoa pesa tuulize: Imejaribiwa kwa watu wangapi? Imelinganishwa na nini? Ina madhara gani? Asiyeweza kujibu, abaki na chupa yake.