Tope la Kwetu Si Pambo

Kila gemu ya rali inapotoka ikiwa na barabara za Kenya, vijana wenzangu hushangilia: Afrika Mashariki nasi tumo! Tumo, ndiyo. Swali ni tumewekwa humo tufanye nini.

WRC 9, gemu ya Kylotonn ya Ufaransa, ilitoka Septemba 2020 ikiwa na Safari Rally. Mwaka huo mbio zenyewe zilifutwa kwa sababu ya korona, zikarudi Naivasha mwaka 2021. EA Sports WRC ya 2023 nayo ikaiweka Kenya. Vumbi limepigiwa hesabu, tairi linateleza inavyopaswa. Na watu? Wamesimama kando wakitazama. Barabara ni yao, lakini hakuna hata mmoja mwenye safari.

Mimi ni wa Pito, kwenye uwanda wa Ufipa, na kwetu tope lina bei. Mvua ikishika, mnunuzi wa mahindi hapimi sekunde. Anapima lori litakwama mara ngapi, kisha anakata gharama hiyo kwenye bei ya mkulima, na bado anataka gunia la lumbesa. Bodaboda anapandisha nauli. Mjamzito anasubiri udongo ukauke. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga imetusaidia sana, lakini mahindi hayaoti kando ya lami.

Mtaniambia: hiyo ni gemu tu, na mbio ni mbio. Basi tazameni SnowRunner ya mwaka 2020. Nayo ni gemu ya tope. Mchezaji anaendesha lori, anapeleka mbao na vyuma, anakarabati daraja ili wengine wapite. Ilipotoka, ramani zake zilikuwa Michigan, Alaska na Taymyr ya Urusi. Tope la Michigan limepewa kazi, la Kenya limepewa mashindano. Kumbe inawezekana kutengeneza gemu ambamo barabara mbovu ni tatizo la mtu, tena ikapata wachezaji.

Hata Safari yenyewe haikuanza hivyo. Ilipoanzishwa mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara za kawaida. Kwa miaka mingi dereva wa rali alikutana na ng'ombe, malori na mabasi, kwa sababu barabara haikufungwa. Alikuwa mgeni kwenye safari za watu wengine. Gemu imemfanya mwenye nyumba.

Ugomvi wangu mkubwa, hata hivyo, si na Wafaransa. Ni na sisi tuliosoma, tunaorudi kijijini Desemba, tunapiga picha gari likiwa limezama hadi milangoni, tunaandika kwamba hii ndiyo raha ya nyumbani. Tumejifunza kuitazama barabara kama mtu aliyeshika pedi: akikwama, anaanza upya.

Vijana wa kompyuta mko Mbeya, Dodoma na Nairobi. Tengenezeni gemu yenye Fuso, magunia na mwezi wa Februari. Mchezaji akikwama, asipoteze sekunde. Apoteze ada ya mtoto, na asipewe kitufe cha kuanza upya. Hapo nami nitashangilia kwamba tumo.