Gari la mazao: badili sponji kwanza, kava baadaye

Leo naomba tuache kidogo mbegu na mbolea, tuzungumze juu ya siti za magari yetu ya njia mbaya. Nasema Land Rover 110, Land Cruiser mkonga na pikapu za zamani zinazobeba mazao yetu kutoka shambani hadi gulioni. Wengi mnazimiliki, wengine mnazikodi, na vikundi kadhaa vimechanga na kununua moja kwa ajili ya wanachama.

Msimu wa mavuno ukikaribia, magari haya huanza kutengenezwa. Na katika kutengeneza huko, siti zikiwa zimechanika, karibu kila mtu hufanya jambo moja: ananunua kava mpya zenye maua, anavalisha juu ya siti ile ile, basi. Gari linapendeza. Ndani, sponji ni ile ile iliyooza. Msimamo wangu ni kwamba fedha hiyo imepotea. Kama uwezo wako ni mdogo, badili sponji ya siti ya dereva na uifunike kwa turubai la kawaida, kuliko kuvalisha gari zima kava nzuri juu ya uozo.

Nina sababu tatu.

Ya kwanza ni mgongo wa dereva na macho yake. Sponji ikishabonyea, dereva anakalia springi na vyuma. Katika barabara zetu za makorongo kila mtikisiko unapanda moja kwa moja kwenye kiuno. Pia dereva anashuka chini. Anaona boneti zaidi kuliko barabara, na anajivuta mbele kushikilia usukani. Mtu wa namna hiyo huchoka mapema, na dereva aliyechoka akiwa na magunia nyuma na akina mama juu ya magunia ni hatari kwa wote.

Ya pili ni sumu. Hapa naongea kama afisa ugani. Bado wapo wanaobeba viuatilifu ndani ya kabini, chini ya miguu au juu ya siti, kwa sababu nyuma kumejaa. Chupa ikivuja juu ya leza unaweza kuifuta. Ikivuja juu ya siti iliyochanika, sponji inainywa yote. Utaosha kitambaa cha juu na harufu itapungua, lakini sumu imebaki ndani, na kila anayekaa hapo kwa jasho la mchana anaipokea kwenye ngozi. Mtoto anayepelekwa zahanati atakaa pale pale. Sponji iliyolowa kiuatilifu haisafishiki. Inatolewa.

Ya tatu ni panya. Gari linalolala karibu na ghala hupata wageni, na sponji iliyotoboka ni kiota kizuri kwao. Mwaka 2022 tulisikia habari za mlipuko wa homa ya mgunda mkoani Lindi. Ugonjwa ule huenezwa na mkojo wa wanyama walioambukizwa, panya wakiwemo, na vimelea vyake hupenda unyevu. Ukivalisha kava mpya juu ya kiota cha panya, umekificha tu.

Najua hoja ya upande wa pili. Katika vikao vya vikundi, mtu akitaja siti, wapo wanaosema hiyo ni anasa, gari ni la mizigo. Sikubaliani nao, ingawa wana jambo moja la kweli: breki, matairi na usukani vije kwanza. Hapo hakuna ubishi. Lakini baada ya hivyo, siti ya dereva iende mbele ya redio, taa za urembo na maandishi ya kioo cha nyuma. Tunanunua bomba la kupulizia lenye mikanda mizuri ili lisimuumize mpulizaji. Siti nayo ni kifaa cha kazi, na dereva anaikalia kutwa nzima.

Sasa tuone namna ya kufanya bila kuibiwa.

Chagua sponji kwa mizani. Wafanyabiashara mizani mnayo, itumieni. Sponji nyepesi ni laini dukani, ila hubonyea baada ya muda mfupi. Chukua kipande kikavu cha sm 50 kwa sm 50, unene sm 10, ukipime. Kikiwa na kilo 1, maana yake mita moja ya ujazo ya sponji hiyo ina kilo 40. Kikiwa na nusu kilo, ni kilo 20 tu. Hiyo waachie wanaotengeneza mito ya sebuleni. Kwa siti ya dereva wa njia mbaya, mimi sishuki chini ya kilo 1 kwa kipande hicho. Ukinunua nzima ya futi 6 kwa futi 3, inchi 4, isipungue sana kilo 7.

Baada ya kupima, ibonyeze kwa goti. Ukigusa meza mara moja, ni laini mno. Ukiachia, irudi haraka. Ikibaki na shimo, iache.

Ipo pia sponji ya vipande vya rangi rangi vilivyogandishwa. Hiyo ni nzito hata kama si bora, kwa hiyo mizani peke yake itakudanganya. Ni ngumu na inafaa kuwekwa chini, halafu juu yake unaweka sponji safi. Isiwe peke yake.

Godoro la zamani lisitumike. Sponji huchoka kwa miaka na kwa jua. Ikishakuwa ya njano na inamomonyoka vidoleni, imekwisha. Walio Pwani wanaweza kufikiria usumba kama tabaka la chini. Unapitisha hewa na haushiki maji kama sponji. Hata Volkswagen zile za kobe zilikuwa na nyuzi za nazi ndani ya siti zake. Ila usumba lazima ushonwe usitembee, la sivyo unakusanyika upande mmoja.

Tengeneza fremu kabla ya kujaza. Siti ikiwa imetolewa, piga brashi ya waya kwenye kutu, angalia springi zilizokatika, chomelea palipopasuka, kisha paka rangi ya kuzuia kutu na uache ikauke kabisa. Kati ya springi na sponji weka gunia la katani, lishonwe vizuri. Bila gunia, springi huikata sponji mpya taratibu mpaka ijikute ilipokuwa ya zamani. Mafundi wengi huruka hatua hii kwa sababu mteja haioni. Wewe iulizie.

Mwambie fundi akate sponji iwe kubwa kidogo kuliko kava, kama sm 1 hadi 2, ili kava likivutwa likae bila mikunjo. Uzi uwe wa nailoni. Uzi wa pamba huoza kwa unyevu na jasho, na mshono ukifumuka vumbi linaanza kazi.

Chagua kava kwa kazi ya gari. Turubai la pamba linapitisha hewa, ni gumu, na dereva halowi jasho. Ubaya wake ni kwamba linakunywa vimiminika. Leza inafutika kwa kitambaa, inafaa kwa gari la maziwa, samaki au abiria wengi, ila juani inaunguza na dereva atalowa mgongo. Ushauri wangu: turubai kwa siti ya dereva, leza kwa siti nyingine zote. Kitambaa cha manyoya waachieni wenye magari ya lami.

Usalama haubadilishwi na urembo. Land Rover aina ya Defender za zamani zina betri chini ya siti ya mbele. Siti ikibonyea sana au springi ikikatika, chuma kinaweza kugusa vichwa vya betri na kuwasha moto. Hakikisha betri imefungwa na ina kifuniko chake, na fundi asiache waya unaoning'inia chini. Kwa magari mapya zaidi, angalia ubavu wa siti: kama pameandikwa SRS AIRBAG, hapo kuna mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali. Sehemu hiyo isifunikwe wala kushonewa juu. Na kwa gari lolote, mkanda na kifungo chake vibaki nje, vishikike bila kutafutwa. Kava linalozika mkanda chini ya siti ni bora lisiwepo.

Sponji ya zamani msichome. Moshi wake una sumu kali, hata kama ni kipande kidogo cha kuwashia jiko. Msiwape watoto wajaze mito. Iliyolowa kiuatilifu itoeni mkiwa na glovu, ifungeni kwenye mfuko, muweke alama, na muulize ofisi ya kilimo ya wilaya namna ya kuitupa. Isiende mtoni wala shimoni nyuma ya nyumba.

Kuhusu fedha, bei zinatofautiana kila mahali, kwa hiyo sitawapangia. Ila msipokee bei moja ya jumla. Mwambieni fundi aandike mistari mitatu: sponji, kitambaa, ufundi. Hapo mtaona haraka kama anataka kuwauzia kitambaa cha bei kubwa juu ya sponji nyepesi. Nunueni sponji wenyewe kama mnaweza, mdai risiti, na mmoja wenu awepo siti ikifunguliwa na kabla haijafungwa. Kwa gari la kikundi, mweka hazina aione kwa macho yake.

Kama fedha haitoshi, fanyeni kwa zamu: msimu huu siti ya dereva, msimu ujao ya utingo, kisha za nyuma. Na kuanzia leo, bila senti moja, viuatilifu vitoke kabini viende nyuma, ndani ya boksi lililofungwa, mbali na chakula na watu. Sponji mpya ikishakunywa sumu, mtarudi kwa fundi mapema kuliko mlivyopanga.

Mtu atakayewacheka kwa siti ya turubai isiyo na maua, mwacheni acheke. Mpeni asafiri siti ya mbele hadi gulioni na kurudi, halafu akalie na ile ya kwake.

Kazi njema, na mavuno mema.