Mwenye Kazi Apewe Jina Lake

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Methali hii imenijia mara nyingi kila niwasikiapo wanafunzi wakiulizwa ni nani aliyeunda mfumo wa tarakilishi uitwao Linux. Hujibu bila kusita: Linus Torvalds. Jibu hilo ni kweli, ila ni kweli nusu.

Mnamo mwaka wa 1983, Mmarekani Richard Stallman alitangaza azma ya kuunda mfumo kamili ambao kila mtu angekuwa huru kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuusambaza. Aliuita GNU. Kazi ilianza Januari 1984, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya tisini sehemu zake nyingi zilikuwa tayari. Kilichopungua kilikuwa kiini, yaani ile programu inayoziunganisha nyingine na mashine yenyewe. Mwaka wa 1991, Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alitoa kiini chake. Vitu hivyo viwili vilipounganishwa, jina la kiini lilimeza jina la mfumo mzima.

Tangu hapo Stallman amekuwa akisisitiza kwamba mfumo huo uitwe GNU/Linux. Waundaji wa Debian walikubali. Wengi wengine walipuuza, na wapo waliomcheka wakisema kwamba anatafuta sifa.

Mimi siungani na wanaocheka. Katika programu huria, wapo wanaolipwa mishahara na makampuni, lakini wapo pia wengi wanaojitolea usiku na mchana bila ujira. Mtu wa namna hiyo ukimnyima jina, umemnyima malipo yake ya pekee. Isitoshe, jina hubeba nia. Anayelisikia jina la GNU huenda akauliza lilitokana na nini, na hapo ndipo atakapojifunza kwamba mfumo huo uliundwa kwa ajili ya uhuru wa mtumiaji, wala si kwa ajili ya urahisi wa bei tu.

Hata hivyo, wapinzani wana hoja moja nzito: mbona tuishie kwenye majina mawili, ilhali waliochangia ni maelfu? Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kiliwahi kuweka katika leseni yake sharti kwamba kila tangazo la kibiashara linalotaja programu hiyo likitaje chuo. Wengine waliiga, kila mmoja akitia jina lake. Katika toleo moja la NetBSD la mwaka wa 1997, Stallman mwenyewe alihesabu sentensi 75 za namna hiyo, akalipinga sharti hilo. Berkeley ililiondoa mwaka wa 1999. Stallman naye hakulitia jina la GNU katika masharti ya leseni yake, aliomba tu. Alitambua kwamba shukrani ya kulazimishwa hugeuka kuwa mzigo.

Basi tufanyeje? Jina la mfumo haliwezi kuwabeba watu wote, lakini orodha ya wachangiaji yaweza. Leseni nyingi za programu huria humruhusu mtu kunakili na kubadilisha atakavyo, mradi asifute tangazo la hakimiliki lenye jina la mwenye kazi. Mwanafunzi anayelifuta jina hilo na kuandika lake hajakosa adabu tu. Amevunja sharti aliloruhusiwa nalo kuitumia kazi hiyo.

Walimu wenzangu, hapa ndipo penye wajibu wetu. Mwanafunzi akileta mradi wa programu, tumwulize ni sehemu gani aliyoiandika mwenyewe, ni ipi aliyoichukua, na aliichukua kwa nani. Mradi wa kikundi nao uambatane na majina yote, kila jina na kazi yake, hata ya yule aliyesahihisha makosa tu. Na tuwape alama wanaotaja kwa ukamilifu, wasije wakadhani kwamba kumtaja mwingine ni kujipunguzia sifa.

Uhuru wa kunakili ni zawadi. Anayeipokea zawadi na kumficha aliyeitoa hastahili kupewa nyingine.