Kilomita 400 za Japani si kilomita 400 za Mombasa

Magari ya umeme ya mtumba yameanza kuulizwa bei hapa Mombasa, na jina linalotajwa sana ni Nissan Leaf. Muuzaji atakwambia linakwenda kilomita 400 kwa chaji moja. Hakudanganyi, lakini hajakwambia yote.

Leaf la betri ya kilowati-saa 40, lililotoka mwaka 2017, Japani lilipimwa likapewa kilomita hizo 400. Ulaya gari hilo hilo likaandikiwa 270. Wamarekani wakalipa maili 151, yaani kama kilomita 243. Betri ni moja, vipimo ndivyo mbalimbali, na kile cha Japani wakati huo kilikuwa cha upole mno. Mimi nashika cha Marekani. Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, kwenda na kurudi 240. Basi hata likiwa jipya utarudi roho mkononi, na hapo hujakwama foleni ya Mtwapa huku kiyoyozi kikivuma.

Na jipya silo. Tatizo kubwa zaidi ni joto. Betri ya Leaf hili haina mfumo wa kuipoza kwa maji. Hutegemea hewa tu. Mwaka 2012 wenye Leaf za mwanzo huko Arizona, jimbo la jangwa, walilalamika kuwa betri zao zinachoka mapema, hata Nissan ikalazimika kuongeza dhamana ya uwezo wa betri. Sisi kaskazi yetu twaijua.

BYD Atto 3 ni habari nyingine. Betri yake ya kilowati-saa 60 ina mfumo wa kuipoza, na imeundwa kwa lithiamu, chuma na fosfati, si nikeli na kobalti. Aina hii ni nzito zaidi kwa umeme ule ule, ila huvumilia joto na kuchajiwa mara nyingi. Kipimo cha Ulaya ni kilomita 420. Bei yake, ndiyo, si ya mtumba.

Kwa safari za Nyali na mjini, Leaf latosha. Kwa mwenye biashara Malindi, silishauri.

Ukilitaka, kabla hujatuma pesa Japani omba picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa. Pembeni ya kipimo cha chaji kuna vipande 12 vya afya ya betri. Cha kwanza hakipotei mpaka betri iwe imepungua kama asilimia 15, kwa hivyo ukiona 10, jua umeuziwa gari la mjini tu.