Kufika Nyuma ya Wengine

Kati ya wale wanaoacha masomo hapa Salamabila, wachache mno huacha kwa kukosa akili. Tumewafundisha, tunawajua. Wengi huacha kwa sababu wamechelewa. Vita na kukimbia makwao vimewala miaka miwili, mitatu. Kijana anarudi darasani na kumkuta mdogo wake amemtangulia, naye anaona aibu kuketi pamoja naye kwenye benchi moja. Machimbo ya dhahabu ya Namoya hayamuulizi mtu umri wala darasa. Basi anakwenda huko, akisema hana nguvu tena ya kuendelea.

Neno hilo tunataka kulipima kwa mbio zilizokimbiwa katika mji wa Mexico tarehe 20 Oktoba 1968. Ilikuwa marathoni ya Michezo ya Olimpiki, kilomita 42 na zaidi, mahali palipoinuka mita 2,240 juu ya bahari, ambapo hewa ni hafifu na pumzi huisha upesi. Walianza wanaume 75. Miongoni mwao alikuwamo John Stephen Akhwari wa Mbulu, Tanzania. Misuli yake ilikakamaa njiani. Kisha, kabla ya nusu ya safari, akagongana na wenzake, akaanguka, goti likaumia vibaya na bega likapiga barabara. Akafungwa bendeji, akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea.

Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27, akawa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Jua lilikuwa limetua, na watazamaji walio wengi walikuwa wamekwenda zao. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali namna ile ili aanze mbio tu, bali azimalize.

Watu 18 waliacha siku ile. Mmoja wao alikuwa Abebe Bikila, bingwa wa 1960 na wa 1964, kwa sababu ya mguu ulioumia. Hatumlaumu hata kidogo. Kuna mwili unaokataa kweli. Lakini kijana wetu mwili wake haujakataa. Kilichompotea ni nafasi. Akhwari naye aliipoteza nafasi, ila sababu yake ya kukimbia haikuwa nafasi, ndiyo maana ilibaki naye hadi uwanjani. Shule zetu huandika kwenye kila buletini nani wa kwanza na nani wa arobaini, na desturi hiyo, kwa maoni yetu, imewazoeza watoto kudhani kwamba aliyepitwa amekwisha kushindwa.

Tena asisimuliwe kama mtu dhaifu wa kuhurumiwa. Mwaka 1970, huko Edinburgh, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alikuwa wa tano katika marathoni.

Kwa hiyo kijana wa miaka 22 anayetaka kuliacha darasa kabla ya mtihani wa Serikali asiulizwe kwanza kama ataweza. Wenzake wa kikundi wamfuate nyumbani jioni, kabla hajashika beleshi, wamuulize ni nani waliouza mpunga na mawese ili yeye asome. Na wadogo zake darasani wasogee, wamwachie mahali pa kuketi.