Nani Aliyelala?

Limo neno moja katika majalada ya elimu ya nchi hii ambalo limekaa humo muda mrefu mpaka limeota mizizi. Neno hilo ni "mwamko". Watoto wakipungua darasani, mwalimu mkuu huandika katika safu ya sababu: "Mwamko mdogo wa wazazi." Afisa elimu wa kata hulipokea neno hilo na kulipeleka wilayani, wilaya hulipeleka mkoani, na hapana hata mmoja njiani anayesimama na kuuliza maana yake. Mimi nimekuwa mtumishi wa serikali kwa zaidi ya miaka thelathini, na tangu ujanani ni mtunzi wa mashairi. Nakiri mbele yenu, walimu na wanafunzi, kwamba neno hilo nimeliandika mara nyingi kuliko neno lolote nililopata kulitia katika beti. Leo nalishitaki, na mshitakiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Nilifumbuliwa macho Olbalbal. Olbalbal ni kata katika Wilaya ya Ngorongoro, chini ya milima ya kreta, upande wa kuelekea tambarare za Serengeti. Maji ya Korongo la Olduvai, ambalo wenyeji huliita Oldupai kwa jina la mkonge wa porini uotao humo, huteremka mpaka katika bonde hilo na kuishia humo. Mvua nyingi hukamatwa na milima, na bondeni hufika masalio. Hiyo ndiyo nchi ambamo nilikwenda kuhudhuria mkutano wa wazazi katika shule ya msingi ya Kikatoliki.

Nilisimama nikahutubu kama nilivyozoea. Nilisema kwamba taifa linasonga mbele, na kwamba wazazi wa Kimasai hawana budi kuwa na mwamko. Mwalimu kijana, mwenyeji wa huko, alikuwa akitafsiri. Alipolifikia neno hilo alisita, kisha akalisema kadiri alivyoweza. Mama mmoja mtu mzima akainuka na kuuliza, "Anasema kwamba hatujaamka?" Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Mama yule akanigeukia, akasema kwa upole kabisa, "Baba, leo mimi nimeamka nyota zikiwa bado zipo. Nimekamua, nimewatenga ndama, nimetembea mpaka jua likawa juu ili nifike hapa. Wewe uliyekuja na gari, umeamka saa ngapi?"

Watu walicheka, nami nikacheka pamoja nao kwa aibu. Wahenga walisema: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Siku ile niliielewa methali hiyo kwa namna nyingine. Mwenye kazi ya kuwaamsha wenziwe aghalabu hapati nafasi ya kujiuliza kama yeye mwenyewe yu macho.

Ndugu wasomaji, tabia hii haikuanza na mimi. Katika enzi ya mkoloni shule zilipoletwa Umasaini, wazee walidaiwa watoto kama walivyodaiwa kodi. Wazazi wengi walimtoa mtoto waliyeweza kumkosa, yatima au asiyefaa kazi ya mifugo, wakambakiza waliyemtegemea. Watu wa ofisini waliandika kwamba Wamasai hawaipendi elimu. Hawakuandika kwamba mtoto aliyechukuliwa mara nyingi hakurudi kuwa mtu wa kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1960, taifa likiwa bado changa, tulifanya kampeni ya kuwavua shuka na kuwavika suruali, tukaita maendeleo. Mwaka 1974 ikaja Operesheni Imparnati, ya kuwakusanya wafugaji katika vijiji vya kudumu. Kila mara mfugaji alihesabiwa kuwa amelala, nasi tukajihesabu kuwa ndio wa kumwamsha.

Yupo padri mmoja ambaye kisa chake chafaa kusimuliwa hapa, hata kwa msomaji asiye wa dini yake. Vincent Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, alikuwa katika misheni ya Loliondo, kaskazini ya wilaya hiyo hiyo. Mwaka 1966 alimwandikia askofu wake barua ya ukweli mchungu. Misheni ilikuwa na shule, ilikuwa na hospitali, na mapadri walizitembelea boma na kusifiwa kwa wema wao. Lakini pamoja na yote hayo hakukuwa na Mmasai mtu mzima aliyeshika dini kwa sababu ya misheni ile, na watoto waliosoma walikuwa wakiiacha mara watokapo shuleni. Padri huyo angeweza kuandika kwamba wenyeji hawana mwamko. Badala yake aliomba ruhusa aziache kazi nyingine, aende bomani kukaa na wazee, wazungumze. Tukubaliane au tusikubaliane na aliyokwenda kuyahubiri, njia yake yatufunza: aliona kwamba shule iliyosimama mbali na jamii haiifikii jamii, hata ikiwa na kuta nzuri.

Mwaka mmoja baadaye, 1967, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea na kuishutumu shule tuliyoirithi kwa kosa hilo hilo: kwamba humtenga mtoto na jamii ambayo inapaswa kumwandaa kuishi ndani yake. Sheria ya Elimu ya 1969 ikazitia shule za misheni mikononi mwa umma. Azimio la Musoma la 1974 likadai elimu ya msingi kwa kila mtoto, na mwaka 1977 tukaifikia UPE. Mimi ni mtoto wa UPE; singekuwa na kalamu hii bila hiyo, wala sitaidharau kazi ile. Lakini neno "mwamko" lilinusurika katika mabadiliko yote hayo. Lilitoka katika jalada la mkoloni, likaingia katika jalada letu bila hata kubadilisha mwandiko.

Sasa nyakati zimegeuka tena. Tangu sheria ya elimu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1995, mashirika ya dini na watu binafsi waliruhusiwa tena kuendesha shule za msingi. Shule za Kanisa zimerudi, na mara nyingi zimerudi na karo. Tazameni basi mzunguko huu wa ajabu. Zamani mzazi alibembelezwa amtoe mtoto. Leo mzazi anampeleka fahali mnadani ili alipe ada. Mtoto huvaa sweta la shule na kulifunika kwa shuka ya baba yake, na wala vitu hivyo viwili havigombani mgongoni mwake. Mama aliye malishoni humpigia mwalimu simu kuuliza maendeleo ya mwanawe. Ukame wa 2021 na 2022 ulipoangusha mifugo kaskazini mwa nchi, waliopoteza ng'ombe walipoteza akiba ya karo pia. Nauliza: mtu anayeuza fahali katika mwaka wa njaa ili mtoto asome, ni wa kuamshwa na nani?

Watajibu baadhi yenu, walimu wenzangu katika kazi ya umma: "Lakini daftari la mahudhurio halidanganyi. Januari na Februari watoto hawapo." Naam, hawapo. Basi na tuangalie kalenda mbili pamoja. Yetu hufungua shule Januari. Ya Ngorongoro husema kwamba kuanzia Januari mpaka Machi nyumbu huzaa katika tambarare za majani mafupi. Ndama wa nyumbu hubeba ugonjwa ambao haumdhuru nyumbu, lakini ng'ombe akiupata hufa, na tiba yake haipo. Mfugaji hana budi kuwaondoa ng'ombe tambarare na kuwapandisha milimani. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Baada ya sotoka kukomeshwa waliongezeka mpaka kupita milioni moja katika miaka ya 1970. Kwa hiyo eneo la kukimbiwa limepanuka. Familia inapohama kuokoa ng'ombe, mtoto wa kutwa huhama nayo. Sisi katika safu ya sababu tunaandika "mwamko". Nyumbu hatumwandiki, kwa kuwa fomu haina nafasi ya nyumbu.

Tena kuna njaa. Kilimo kilipigwa marufuku ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kisha kikapigwa marufuku tena. Sibishani hapa na sababu za uhifadhi. Nasema tu kwamba mahindi ya uji wa mtoto hayatoki shambani kwa mama yake. Hununuliwa, na hupandishwa na magari kutoka upande wa Karatu. Bei ya ng'ombe ikishuka na ya gunia ikipanda, uji hukatika, na uji ukikatika mahudhurio hukatika.

Tena kuna njia yenyewe. Agosti 2021 watoto watatu wa Ngorongoro, wenye umri wa kati ya miaka 9 na 11, waliuawa na simba, na mwenzao mmoja akajeruhiwa. Walikuwa wametoka shuleni, wakaenda porini kutafuta mifugo iliyopotea. Someni sentensi hiyo polepole. Asubuhi walikuwa wanafunzi, alasiri walikuwa wachungaji, na kazi zote mbili walizifanya katika siku moja. Mtu asiniambie kwamba jamii iliyowalea watoto hao ilikuwa inachagua kati ya ng'ombe na kitabu. Ilikuwa ikivibeba vyote viwili, na ililipa kwa damu.

Na sasa kuna hama hama ya aina mpya. Tangu Juni 2022 familia zilizojiandikisha zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Mjadala huo una mabaraza yake. Mimi naangalia dawati tu: mtoto aliyekuwa akikaa na watatu hukuta amebaki na mmoja, na kule alikokwenda mwenzake mwalimu hajui alikuwa amefikia wapi. Wallahi nitasikitika nikisikia kwamba hilo nalo limeandikwa "mwamko".

Isidhaniwe kwamba ninawatakasa wazazi wote. Wapo wanaomwoza binti wa darasa la sita. Kwa hao neno "mwamko" ni laini mno. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yamemwekea anayemwoa mwanafunzi kifungo cha miaka thelathini, na kosa la jinai liitwe kosa la jinai. Ndiyo hila ya neno hili: linamsingizia asiye na hatia, na linamficha mwenye hatia. Mama aliyehamisha mifugo na baba aliyemuuza bintiye wote huingia katika safu moja, nasi hushindwa kumsaidia wa kwanza na kumshitaki wa pili.

Basi tufanye nini? Sina dawa kubwa. Nina madai matatu madogo.

La kwanza, kila mwalimu aandike sababu kwa jina lake: nyumbu, njaa, umbali, simba, kuhama, ndoa. Sababu yenye jina yaweza kutafutiwa dawa. Sababu isiyo na jina hutafutiwa mtu wa kulaumiwa.

La pili, kamati za shule, ziwe za serikali au za Kanisa, zikae na wazee wa boma kabla ya mwaka kuanza. Mwaka wa masomo una siku 194. Mwaka wenyewe una siku 365. Nafasi ya kusogeza likizo na kupanga mabweni ya msimu ipo, tukikubali kwamba mwenye kujua mienendo ya mvua ni mzee aliyekaa chini ya mti, si sisi.

La tatu, tuache kuihesabu shule kama hisani. Wamasai wanalo neno osotua. Asili yake ni kitovu, ule uzi unaomfunga mtoto na mama; na kwa maana ya pili ni uhusiano wa watu wanaosaidiana wakati wa shida, ambapo mwenye haja huomba anachohitaji tu, na mwenye nacho hutoa bila kuhesabu deni. Mmisionari alitoa shule kama sadaka, serikali ikaitoa kama amri, na leo shule nyingi huitoa kama bidhaa. Hakuna aliyejaribu kuitoa kama osotua. Sadaka hupokelewa kwa kuinama, amri kwa kuogopa, bidhaa kwa kuhesabu fedha. Osotua hupokelewa na watu waliosimama sawasawa, na wote wawili wana wajibu.

Nanyi wanafunzi wa sekondari, ambao kesho mtakalia viti vyetu: Edward Moringe Sokoine alisoma shule ya msingi Monduli akiwa mtoto wa wafugaji, akawa Waziri Mkuu wa nchi hii, na mpaka kifo chake mwaka 1984 hakuacha kuwa Mmasai. Hakuna aliyemwamsha, alifunguliwa mlango. Mtakapopewa kalamu na safu ya sababu, kumbukeni mama yule wa Olbalbal. Na atakayetaka kuliandika tena neno lile, kwanza aandike pembeni saa aliyoamka yeye.